Maji Yaliyonikalisha Kitini

Nani aliyewaambia kwamba mtawala yu macho? Mimi nilitawala, na macho yangu yote mawili yalikuwa wazi, lakini sikuwa naona kitu. Nilikuwa natafuta pumzi. Mtu anayetafuta pumzi haoni mji wala watu, haoni hata pua yake mwenyewe. Anaiona tu ile pumzi inayofuata, iko mbele yake kidogo, na kila akiifikia inakuwa fupi kuliko alivyotarajia. Waliopita langoni wakinikuta nimekodoa vile walinong'onezana: mtazameni anavyotuangalia, halali kwa ajili yetu. Loo! Watu wana imani jamani.

Niwaeleze mji wenyewe, maana hamjafika. Kwetu jua halichwi. Limekaa pale pale juu ya lango tangu mababu, kwa hiyo siku haziishi zenyewe, lazima pawe na mtu wa kuzimaliza. Mtu huyo tunamwita Mkaaji. Anakaa langoni kwenye kiti cha jiwe, mgongo wima, na watu wakishachoka yeye hutamka, "Leo imekwisha," na hapo kila mtu hufunga dirisha lake na kulala. Wakiamka ni kesho. Yeye mwenyewe hajinyooshi kamwe. Wanasema Mkaaji akilala chali hata mara moja mji utazama wote, kwa kuwa hakutabaki kitu kilichosimama cha kuushikilia. Na akifia kitini, jina lake linachongwa kwenye lango. Asiyechongwa hakuwahi kuwepo. Hiyo ndiyo sheria yetu, na msiniulize ni nani aliyeitunga, maana jina lake halimo langoni.

Mimi kiti nilikipata kwa sababu ya mito. Zamani nilikuwa nalala na mto mmoja, kama watu. Kisha nikawa nikilala chali naona kana kwamba mtu amenikalia kifuani, nikaongeza wa pili. Nikaongeza wa tatu, na mume wangu Mbaruku akabaki hana mto. "Mama Kazija," akaniuliza, "huko juu unalala au unapanda mlima?" Nikacheka, na kicheko kikaniishia njiani, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Mwisho nikakihama kitanda kabisa, nikawa nasinzia dirishani nimekaa, mikono juu ya kizingiti. Siku hizo Mkaaji wa kabla yangu alikuwa amekufa, na mji ulikuwa umenasa ndani ya leo moja isiyokwisha. Watu walikuwa wamelala ovyo barabarani, kila mmoja alipoangukia. Kibwana, msemaji wa mji, akapita chini ya dirisha langu akaniona mimi peke yangu nimekaa wima. Akapiga magoti palepale. "Ndiye huyu," akasema. "Huyu hana haja ya kulala."

Na mimi nikaamini. Hakuna aliyenidanganya, wala mimi sikumdanganya mtu. Nilifikiri kweli kwamba nimepanda daraja, kwamba usingizi ni jambo la wadogo na mimi nimekwisha kulivuka. Heshima ikikujia mlangoni huiulizi imepitia wapi, unaifungulia, unaitandikia mkeka. Nimeliwaza sana jambo hili. Mtu anajuaje kama kinachomwinua ni nguvu yake au ni ugonjwa wake? Akiwa juu vyote viwili ni sawa, upepo ni ule ule, watu wanaokuangalia kutoka chini ni wale wale. Labda wote waliochongwa langoni walikuwa hivi hivi, wameketishwa na kitu kilichokuwa ndani yao wasichokijua. Sasa hawaulizwi tena.

Utawala wangu ulikuwa wa maneno mafupi. Nikisema "Leo...," pumzi inakatika. Navuta nyingine, nasema "ime...," inakatika tena. Kibwana hutega sikio, kisha huugeukia umati. "Mkaaji anasema leo ime, maana yake leo imebeba mambo mengi, msilale bado, rudini kazini!" Na watu wanarudi kazini. Nawaona wanakonda. Nawaona akina mama wamebeba watoto waliolala, wao wenyewe hawajalala. Nataka kumalizia sentensi moja tu, maneno mawili, na siwezi. Na kadiri nilivyoshindwa ndivyo walivyonisifia kwamba sina maneno mengi.

Mbaruku ndiye aliyekuwa haoni hekima yoyote. Alikuja na bakuli la uji, akasimama chini ya kiti akanisikiliza kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande.

"Mama Kazija, hivi unapumua?"

"Na... pumua."

"Kwa upande gani?"

"Ala! Swali gani hilo?"

"Mimi nimelala upande wako wa kulia tangu tuoane," akasema. "Kulikuwa na sauti humo. Ilikuwa inanilaza. Sasa hamna kitu, kimya kama nyumba ya watu waliohama."

Nikamfukuza. Nilimwambia ananitia aibu mbele za watu, arudi nyumbani na uji wake. Akaenda, na aliporudi alikuwa na daktari. Anaitwa Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi, katoka nchi ambako jua huzama lenyewe bila kuambiwa na mtu. Alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Hakuangalia kiti.

Akapanda nyuma yangu, akaniwekea viganja viwili mgongoni, juu ya mbavu. "Sema jina lako, mama."

Nikataja jina. Mbaruku akashtuka, kwa sababu halikuwa langu, lilikuwa la Mkaaji wa tatu kutoka juu, lile linaloanza kufutika. Ukikaa kitini sana majina ya langoni yanakuingia.

"Lako," akasema daktari. "Lako wewe."

"Mwatime," nikasema. "Mwatime. Mwatime."

"Kushoto jina lako linanifikia mkononi, linatetema vizuri. Kulia haliji." Akaanza kunigonga kwa vidole, kidole juu ya kidole, akishuka kutoka begani. Kushoto mlio ulikuwa wazi kama wa debe tupu. Kulia ulikuwa mzito, umezibwa, kama anagonga gunia la unga. Akaweka sikio lake la mpira, akasikiliza juu, kati, chini. Kisha akaniuliza kuhusu titi langu la kulia, kwa kuwa halipo. Nikamweleza kwamba lilikuwa na saratani, likakatwa zamani, kabla ya kiti, na nikaambiwa yamekwisha.

"Nani aliyekuambia yamekwisha?"

Nikataka kucheka. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuwaambia watu mambo yamekwisha, na sikuwahi kumwuliza yule aliyeniambia mimi.

Alikuwa na kimashine kidogo cha ultrasaundi, akanipaka ubavuni kitu cha ubaridi na kuteleza, akageuza kioo ili nami nione. Sikupenda nilichokiona. Kulikuwa na weusi, weusi mtupu, mpana, na katikati ya weusi kitu kidogo cha kijivu kilichokunjamana kikipungapunga kama leso ya mtu anayeaga. "Hilo ndilo pafu lako," akasema Nyamizi. "Na huo weusi ni maji. Pafu lina utando wa tabaka mbili, na kati yake panatakiwa umajimaji kidogo tu, wa kuteleza. Kitu kikiuudhi utando ule, maji yanavuja kwa haraka kuliko mwili unavyoweza kuyanywa. Yanajaa, yanachukua nafasi ya pumzi. Ukilala chali yanatandaa, ndiyo maana huwezi. Hujaukataa usingizi, mama. Umenyimwa."

Nilikasirika. Kwa hiyo utukufu wangu wote ni maji? Kwa hiyo wale waliopiga magoti walilipigia magoti ziwa? Kibwana alikuwa amesimama pale, uso umemwiva. "Daktari," akasema, "hapa hatuna maji. Hapa tuna mzigo wa mji, na Mkaaji anaubeba kifuani. Ukiutoa huo unaweza kumwona anasinzia kama muuza karanga. Unajua sheria yetu?" Nami nilikuwa upande wake, nasema kweli. Nilinyoosha mkono nikamwelekeza Nyamizi njia, nikafungua kinywa nimwambie toka.

"To...," nikasema.

Pumzi ikakatika. Wote wakasubiri. Nikamwona Kibwana anavuta hewa, kifua chake kinapanda taratibu, kinajaa, anajiandaa kuwaeleza watu maana ya "to." Na hapo nikaelewa mwenye kutawala ni nani. Neno langu mwenyewe, la kumfukuza mtu, nalo si langu. Nikaufunga mdomo. Nikamgeukia daktari nikamwitikia kwa kichwa, mara mbili, asije mtu akanitafsiri.

Walinigeuza kitini, nikaukumbatia mgongo wa kiti, paji la uso juu ya jiwe. Akanisafisha kwa kitu kinachonuka ukali, akanichoma ganzi, akatafuta kwa kidole mahali kati ya ubavu na ubavu. Nilisikia kusukumwa, siyo maumivu. Kisha Mbaruku akasema, "Subhana," kwa sauti ndogo, na nikajua yanatoka.

Yana rangi gani? nikamwuliza. Chai ya rangi, akasema. Yenye wekundu kidogo.

Yanatoka. Yananitoka. Haya ni mimi au ni mgeni? Yametengenezwa na mwili wangu, kwa hiyo ni yangu. Yananiua, kwa hiyo si yangu. Kama si yangu nani aliyekuwa akitawala? Kama ni yangu, nani huyu anayebaki yakishatoka? Chupa inajaa. Mimi napungua, au naanza. Sijui. Kifua kinavuta. Kuna kitu kinabanduka ndani, kinajinyoosha, kinauma kama mguu uliokufa ganzi ukirudiwa na damu. Nakohoa. Nakohoa tena.

"Basi," akasema Nyamizi, akafunga. "Hayatolewi yote kwa pupa. Pafu lililokunjika likifunguliwa ghafla linaumia." Akachukua kichupa kimoja cha maji yale ya kupeleka maabara, akanibandika plasta, akanipiga picha ya kifua.

Nikavuta hewa. Jamani! Ilishuka, ikaendelea kushuka, ikafika mahali nilipokuwa nimepasahau. Nikageuka nikauangalia mji, na bila kufikiri nikasema, kwa pumzi moja, kwa sauti ya kijana: "Leo imekwisha."

Mji wote ulilala palepale. Waliosimama waliteremka chini kwa magoti, waliokuwa wanabishana waliegemeana, Kibwana alilala kinywa wazi na mkono wake umeinuliwa. Nilitazama nyuso zao nikaona aibu. Walikuwa wamechoka kiasi gani, na mimi nilikuwa nimewaweka macho kwa sababu ya kifua changu. Tulibaki watatu.

"Na wewe lala," akaniambia Mbaruku. "Nani anakuona?"

"Lango linaniona," nikasema. Nikakaa wima.

Sasa, kesho hiyo ilipita na kesho nyingine, au ilikuwa moja imerudiwa, siwezi kuapa. Nyamizi alirudi na majibu ya maabara. Hakuzunguka. Alikaa kwenye ngazi ya kiti, chini yangu, akanishika kifundo cha mguu. "Ni ile ile ya titi," akasema. "Imo kwenye maji. Imehamia kwenye utando wa pafu."

"Itakwisha?"

"Hapana. Ziko dawa za kuipunguza mwendo, na nitakupa. Lakini haitakwisha. Na maji yatarudi."

Yalikuwa yamekwisha kurudi. Nilikuwa nayasikia, mlima ule ule, mto baada ya mto. Nikamwuliza kama basi atakuwa ananichoma kila mara. Akasema ingefaa kuweka poda, unga laini unaomwagwa humo ndani ili tabaka zile mbili zishikane na maji yakose pa kukaa. "Ila picha uliyopigwa baada ya kutoa maji ilionyesha pafu halikufunguka lote. Ugonjwa umelifunga kama ganda. Halifiki ukutani, na visivyogusana havishikani. Kwako wewe naona mrija. Mwembamba, laini, unapita chini ya ngozi na unabaki. Maji yakijaa mnayatoa nyumbani kwenu, kidogo kidogo. Baba Kazija nitamfundisha."

"Mrija utaniponya?"

"Hautakuponya, mama. Utakupumzisha. Ukipatwa na homa, au pale unapoingilia pakiwa pekundu, mniite mara moja. Na utaweza kulala chali."

"Kwa muda gani?"

"Sijui," akasema, na nilimpenda kwa hilo.

Kibwana alisikia yote. Alimsubiri daktari ateremke, kisha akanisogelea, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu na mtu. "Bi Mwatime, mahali pako langoni tumekwisha papima. Chini ya yule wa mwisho, palipo laini. Fundi ameshachora herufi kwa chokaa. Usitie mrija. Vumilia kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaangalia chini.

"Kumbe mlijua," nikasema.

"Watu wanakupenda," akasema. "Wanataka uwepo."

Akaniacha niwaze, na niliwaza, msidhani niliruka. Kuwepo ni kitu gani? Yule wa tatu kutoka juu yupo, herufi zake ziko pale, mvua inazinyeshea, na hakuna mtu hata mmoja anayejua alicheka vipi au alipenda samaki gani. Mimi nikichongwa nitakuwa mwepesi vile. Nitakuwepo daima na sitakuwepo hata dakika moja. Na nikilala nitakuwa mzito kwa muda mfupi, mwenye jasho, mwenye mrija ubavuni, mwenye mume anayeninyang'anya mto, kisha basi, hata chokaa itafutwa. Niliogopa. Sitaki kujifanya shujaa. Niliogopa kufutwa kuliko nilivyoogopa kufa, na nilikaa na hofu hiyo kitini huku maji yakipanda. Nilitamani mtu aniambie la kufanya, na wa kuniambia hakuwepo, maana mtawala ni mimi. Nikajiuliza kitu kimoja tu cha kijinga: kati ya jiwe na Mbaruku, nani atajua kwamba nimeondoka?

Nikashuka kitini.

Mrija uliwekwa na ulikuwa mdogo kuliko nilivyouogopa. Nyamizi alikaa na Mbaruku akamfundisha: kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kufungua pakiti bila kugusa ndani, kuunganisha chupa, kusimamisha nikisikia kifua kinabana, kufuta, kufunika kwa bandeji safi. Mume wangu hajawahi kutandika hata kitanda vizuri, lakini alinawa kama mtu anayekwenda kusali. Akauliza mambo mpaka daktari akachoka. Alipobaki peke yake na mimi, ulimi ameutoa pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, akaunganisha chupa. Maji yakaanza kwenda, rangi ile ile ya chai.

"Inauma?"

"Haiumi. Usitetemeke basi."

"Sitetemeki mimi, ni chupa."

Alipomaliza akafunga, akafunika, akaniangalia. Nikajilaza kitandani kwetu. Kwanza ubavu, kisha taratibu, huku nikimshika mkono, nikajigeuza. Chali. Nilikiona kipaa cha nyumba yangu, na utando wa buibui ambao bila shaka ulikuwepo siku zote. Nilisubiri mtu anikalie kifuani, na hakuja mtu.

Mlangoni palikuwa na watu. Kibwana mbele, nyuma yake mji, wote wamesimama kwa vidole vya miguu, wanasikilizia ardhi. Mji haukuzama. Vikombe kwenye kabati havikutikisika.

"Umelala?" akauliza Kibwana.

"Nimelala."

"Na leo yetu itakwishaje? Nani atasema?"

"Semeni wenyewe, mkichoka. Si mnajua mnapochoka?"

Walitazamana. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaondoka zake bila kuaga, nikasikia dirisha lake linafungwa. Likafungwa jingine. Kibwana akabaki. Naamini alikuwa na huzuni ya kweli. "Nitamwambia fundi afute chokaa," akasema. "Basi, Bi Mwatime, hukuwahi kuwepo."

Nilikuwa na hoja za kumjibu, nyingi tu. Lakini pumzi zangu si za kumpa Kibwana. Nikageuza uso. Akasimama kidogo, kisha akaurudisha mlango polepole, kama wafanyavyo watu wakitoka kwenye chumba cha aliyelala.

Mbaruku akaiweka chupa kando, akanawa tena, akavua viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, mabega yanamcheza, na mimi nikamwacha alie kwa kuwa nami nilikuwa ninalia, machozi yananiingia masikioni, kitu ambacho hakijanitokea tangu niache kulala.

"Nitakufa, Baba Kazija," nikasema.

"Najua."

"Na sitakuwepo langoni."

"Najua, mama. Umechukua kitanda chote. Sogea."

Nikasogea.